Umehamia Mtwara au Lindi toka nje ya nchi? Soma hii kabla hujanunua laini ya simu

Kila anayehamia huku Kusini toka nje ya nchi anauliza mtandao gani mzuri, na jibu analopata linategemea kamuuliza nani. Wa Voda atasema Voda, wa Halotel atasema Halotel, na wote wanasema kweli kwa pale wanapokaa. Shida ni kwamba swali lenyewe halitoshi. Tanzania laini ya simu sio ya kupigia tu, ndo pochi yako, humo unanunua umeme wa LUKU, unalipa kodi ya chumba, unamlipa bodaboda, bosi anakutumia posho humo humo na kuna siku inaisha hujashika noti hata moja. Kwa hiyo laini ya kwanza iamuliwe na vitu viwili, unalala na kufanya kazi sehemu gani, na watu unaopeana nao hela wapo mtandao upi. Bando na spidi ni vya baadaye, hivyo utavibadilisha hata kila wiki ukitaka.

Naandika nikiwa na watu wa aina nyingi kichwani, maana wageni wa huku hawafanani. Yupo aliyevuka Ruvuma toka Msumbiji, kwa kivuko pale Kilambo au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ana ndugu upande huu na Kimakonde chake kinaeleweka hadi sokoni. Yupo fundi aliyeletwa kiwanda cha saruji cha Dangote au kwenye gesi kule Madimba na Msimbati. Yupo daktari wa kujitolea aliyepangiwa Ndanda au Nyangao, na yupo aliyependa Mikindani akaamua kukaa miezi sita. Hawa wote hawawezi kupewa jibu moja.

Tuanze na majina maana yanachanganya. Mitandao utakayokutana nayo mtaani ni Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL. Yas ndo ile iliyokuwa Tigo, ilibadilisha jina Novemba 2024 na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, ila mdomoni mwa watu bado ni Tigo, kwa hiyo ukiambiwa "nitumie kwa Tigo Pesa" alafu kwenye simu unaona Mixx usibabaike, ni kitu kile kile. Zantel nayo iliishia humo humo. TTCL ni ya serikali, Halotel ni ya Viettel ya Vietnam na ilianza kazi hapa 2015.

Kwa ndugu zetu wa Msumbiji hapo pana mtego. Movitel ya kule nayo ni ya Viettel, Vodacom ipo pande zote mbili, M-Pesa ipo pande zote mbili, so mtu anaona rangi zile zile na jina lile lile anajua mambo yameunganishwa. Hapana. Laini ya kule inaanza na 258 na hela yake ni metikali, ya huku inaanza na 255 na hela yake ni shilingi, wakala wa M-Pesa wa Masasi hawezi kukutolea hela iliyopo kwenye laini ya Mueda kule Msumbiji hata mkikaa mchana kutwa. Unahitaji laini mpya ya hapa. Ile ya kule usiitupe lakini, WhatsApp inaendelea kufanya kazi na namba yako ya zamani huku intaneti unatumia ya laini ya Tanzania, cha msingi laini ya zamani ibaki hai maana siku WhatsApp ikikutaka uhakiki namba, meseji itatumwa huko.

Sasa usajili, na hapa nitakaa maana ndo wageni wengi wanapoharibikiwa. Toka Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Raia anasajili kwa namba ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ile yenye tarakimu 20. Mgeni wa muda anasajili kwa pasipoti. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anatakiwa awe na kitambulisho cha mgeni mkazi ambacho nacho kinatolewa na NIDA, na mkimbizi naye ana chake toka NIDA hiyo hiyo. Ukiingia na pasipoti kama mtembezi ukasajili, alafu baadaye ukapata kibali, rudi dukani wabadilishe taarifa zako mapema, usingoje laini ifungwe siku una hela ya kodi ndani yake.

Mahali pa kusajili ni kwenye duka la kampuni lenyewe, yapo mjini Mtwara, Lindi na Masasi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau vijana wa mwamvuli wanaosajili laini barabarani, wengi wanafanya kazi nzuri na ndo wanaotufikishia huduma vijijini, ila wao wamezoea namba za NIDA, ukimpa pasipoti ya kigeni anaanza kuhangaika na mwisho anakwambia "subiri nikusajilie kwa jina langu tu dada, utabadilisha baadaye". Hapo ndo usikubali kabisa.

Nieleze kwa nini, maana kwa mgeni inaonekana ni msaada. Kwanza kisheria laini inatakiwa kutumiwa na aliyesajiliwa. Pili, na hili ndo linalouma zaidi, kwenye pesa za simu jina ndo kila kitu. Ukimtumia mtu hela simu yake inamwonyesha jina la aliyetuma, na anayetaka kukutumia wewe anaonyeshwa jina lako kabla hajabonyeza pini, akiona jina asilolijua anasita na ana haki ya kusita. Alafu simu ikipotea, na simu zinapotea, kurudisha laini lazima aende mwenye jina na kidole chake. Kama mwenye jina amehamia Tunduru au mmegombana, hela yako yote imebaki kwake kihalali. Na upande wa pili wake, akitaka anaweza kwenda dukani kusema laini imepotea, akapewa laini mpya yenye namba ile ile, ya kwako inazima mkononi na hela anazikuta kwake. Hizo laini "zilizosajiliwa tayari" zinazouzwa stendi kwa haraka haraka ziko hivyo hivyo, hujui nani ana jina lake humo wala namba hiyo ilishatumika kutapeli watu wangapi. Kama karatasi zako bado hazijakamilika ni heri utumie laini ya nchi yako kwa muda, ghali ndiyo, lakini ni yako.

Kuna jambo la kwetu huku kuhusu vidole ambalo mgeni anashangaa nalo. Wanawake wengi wanabangua korosho, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, ncha za vidole zinababuka mpaka mistari inafutika. Nimemwona mama mmoja anaweka kidole gumba kwenye kile kimashine, taa inawaka, inakataa, anapangusa kwenye kanga, anaweka tena, inakataa, foleni nyuma inaanza kuguna. Kama umekuja na familia na mkaanza kazi ya korosho, au wewe ni mvuvi, fundi ujenzi, mtu wa saruji, jua hili litakukuta. Nawa mikono kwa sabuni ukaushe vizuri, ukavu ukizidi paka mafuta kidogo sana, na mwambie wakala ajaribu vidole vingine, sio gumba tu. Pia kasajili kabla msimu haujaanza, Oktoba ikifika vidole vinakuwa vimechoka na maduka yamejaa.

Ukimaliza kusajili usiondoke pale. Piga *106# palepale, menyu itakuonyesha jina ambalo laini imesajiliwa kwalo na itakupa nafasi ya kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo mawakala wasio waaminifu, anakwambia kidole hakijasoma weka tena, weka tena, kumbe kila ulipoweka anasajili laini nyingine anayoiuza kwa mtu mwingine. Ukiona namba usiyoijua kwenye orodha mwambie mhudumu aifute hapo hapo. Na rudia kupiga *106# kila baada ya muda, haina gharama kubwa zaidi ya dakika moja. Jua pia kwamba kwa kanuni za usajili za 2020 mtu binafsi anaanza na laini moja kwa kila mtandao, kwa hiyo ile nafasi moja usiichezee kwa kusajili laini ya mtu mwingine.

Haya, mtandao gani unashika? Huku kwetu ardhi yenyewe ndo inaamua. Mtwara mjini na Lindi mjini mitandao yote ipo, tofauti unaisikia jioni watu wakirudi nyumbani. Ukitoka mjini mambo yanabadilika kwa kilima na bonde. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma lote chini, simu yako nayo "inaona" mbali vivyo hivyo, ila teremka chini bondeni kijiji kikajificha nyuma ya ukingo na ile minara ya juu haikusaidii tena. Mikindani imekaa chini ya vilima. Masasi ina milima ya mawe, nyumba iliyo upande huu wa jiwe na iliyo upande wa pili zinaweza kuwa na bahati tofauti kwa mtandao mmoja. Pwani kuna unafuu kwa sababu mawimbi ya simu yanapita vizuri juu ya maji yasiyo na kizuizi, Kitunda pale ng'ambo ya Lindi inatazamana na mji uso kwa uso. Na ukitoka Nangurukuru kwenda Liwale usipange mkutano wa video njiani, misitu ni mirefu na vijiji viko mbalimbali.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba mawimbi hayafanani. Masafa ya chini, yale ya MHz 700 mpaka 900, yanakwenda mbali na kupenya kuta, masafa ya juu kama 1800 au 2100 yanabeba intaneti nyingi lakini yanachoka mapema. Ndo maana unaweza kuwa na vipau vinne vya kupigia, mazungumzo yanasikika vizuri kabisa, alafu intaneti inazunguka tu. Umepata mnara wa mbali unaokupa 2G, na hiyo haitoshi kwa WhatsApp ya video. Kwa hiyo usihesabu vipau, angalia herufi iliyo pembeni yake, kama ni E (ndo 2G hiyo), H (3G) au 4G. Bati na kuta za zege navyo vinakula mawimbi, nyumba nyingi za huku ukitoka nje ukasimama chini ya mwembe mambo yanakuwa tofauti kabisa na chumbani.

Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini Mei 2023 mikataba na makampuni ya simu kujenga minara 758 kwenye kata za vijijini nchi nzima, kwa hiyo jibu la "kijiji hiki ni Halotel tu" ulilopewa na mtu aliyeishi hapo miaka mitano iliyopita linaweza kuwa limepitwa. Muulize anayeishi hapo sasa hivi.

Jinsi ya kupima ni rahisi na haina haja ya programu yoyote. Kabla hujanunua laini, nenda nyumba utakayolala ukiwa na mtu mwenye simu ya laini mbili za mitandao tofauti, huku karibu kila mtu anayo. Mwombe akae chumbani, sio kibarazani, apige simu kwa kila laini, alafu awashe data ya moja afungue video fupi, abadilishe aende nyingine. Fanya hivyo usiku kuanzia saa mbili, muda ambao kila mtu yupo kwenye simu, maana mtandao wa saa nne asubuhi unadanganya. Na uliza majirani swali moja la ziada ambalo ni la muhimu sana, umeme ukikatika kwa masaa mengi mtandao upi unabaki? Mnara una betri au jenereta, vikiisha mnara unalala, na kuna minara inalala mapema kuliko mingine. Anayekaa karibu na mnara anajua tabia yake kuliko mhudumu yeyote wa dukani.

Alafu zipo siku tatizo sio mnara wala kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikawa taabu Tanzania nzima, wakati huku Kusini tulikuwa tumetoka tu kwenye mvua za kimbunga Hidaya zilizokata barabara ya kwenda Dar. Siku kama hiyo kukimbilia kununua laini ya mtandao mwingine ni kupoteza hela.

Sasa hela. Ukiwa umeshajua mitandao miwili inayoshika nyumbani na kazini, kinachochagua kati yao ni pesa. Tembea kwa miguu kutoka unapokaa mpaka sokoni ukiangalia vibanda vya mawakala, vyenye mabango ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx, HaloPesa. Mtandao wenye wakala mmoja tu kijiji kizima utakutesa, maana wakala naye anaishiwa, ama hana keshi ya kukupa ama hana floti, yaani hela ya kwenye simu, ya kukuwekea. Msimu wa korosho ndo utaelewa nasema nini, malipo ya wakulima yakitoka kila mtu anataka kutoa siku hiyo hiyo, wakala wa kijijini saa tatu asubuhi keshi imeisha na unatakiwa kupanda pikipiki mpaka mjini kufuata hela yako mwenyewe.

Muulize pia mwenye nyumba, bosi, dereva wako wa boda na mama anayekuuzia samaki wanapokelea wapi. Kutuma hela toka mtandao mmoja kwenda mwingine inawezekana, makampuni yalianza kuunganishwa toka 2014 na Tanzania ilikuwa mbele sana kwenye hilo, na lipa namba, zile namba za malipo za wafanyabiashara, nyingi siku hizi zinapokea toka mtandao wowote. Lakini makato sio sawa, na makato madogo madogo ya kila siku kwa mwezi yanakuwa debe la unga. Kabla hujatuma angalia makato menyu inayoonyesha, na ukimtumia mtu wa mtandao wako linganisha. Ukiona asilimia kubwa ya watu wako wapo mtandao mmoja, jibu umeshapata, hata kama bando lake sio la bei nafuu kuliko yote.

Menyu za pesa zinafunguka hata kwenye kitochi bila intaneti: M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx *150*01#, HaloPesa *150*88#. Pini yako hakuna mtu anayetakiwa kuijua, wakala akikwambia "nipe simu nikufanyie, wewe bado mgeni" mshukuru na ufanye mwenyewe polepole, atakuelekeza kwa mdomo. Akikutolea hela soma meseji ya mtandao kabla hujaondoka dirishani, angalia salio jipya, sio maneno ya wakala.

Na utapata meseji za matapeli, hata laini ikiwa na siku mbili tu. Ile maarufu inasema "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu anatuma kwa maelfu ya namba akitegemea kumpata anayedaiwa kodi siku hiyo, na mgeni ambaye ametoka kupatana na mwenye nyumba ndo anaingia kirahisi. Mpigie mwenye nyumba kwa namba unayoijua kabla hujatuma. Nyingine ni mtu anayekupigia akisema ni huduma kwa wateja na kuna hela imeingia kwako kimakosa. Huduma kwa wateja ya kweli unaipata wewe kwa kupiga 100, mitandao yote namba ni hiyo hiyo. Meseji ya kitapeli unaituma kwenda 15040 pamoja na namba iliyotumwa nayo.

Bando nitalipitia haraka maana bei zinabadilika na menyu ndo itakwambia ukweli wa leo. La kujua ni kwamba mgeni na mwenyeji wananunua kwa menyu ile ile, hakuna bei ya mzungu, na kodi tayari ipo ndani ya bei. Wiki ya kwanza nunua ya masaa 24 tu, ujipime unatumia kiasi gani, ndo uende kwenye la wiki au mwezi. Soma vizuri dakika kama ni za mtandao wako tu au za mitandao yote, watu wengi wananunua dakika mia alafu wanashangaa simu ya kwenda mtandao mwingine inakula salio. Video ya ubora wa kawaida inakula kati ya nusu GB na GB moja kwa saa, simu ya sauti ya WhatsApp haifiki MB moja kwa dakika, kwa hiyo anayeongea na nyumbani kila siku hana haja ya bando kubwa kama anayeangalia mpira. Zima kudownload picha na video zenyewe kwenye WhatsApp, magrupu ya huku hayalali. Na kitu kinachosaidia sana, usiweke vocha. Weka hela kwenye M-Pesa au Airtel Money alafu nunua bando moja kwa moja toka huko, hivyo bando likiisha usiku hakuna salio la kuliwa kwa bei ya bila bando, ambayo ni kubwa mno.

Simu yenyewe iliyotoka nje nayo iangalie. Kama uliinunua kwa mkataba huko Uingereza au Afrika Kusini inaweza kuwa imefungwa kwa kampuni ya huko, weka laini ya mtu ujaribu kabla hujanunua yako. Kama unanunua simu hapa, hasa ya mkononi kwa mtu, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tuma hizo tarakimu kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani, isipofanana na iliyo mkononi achana nayo. Toka Juni 2016 simu feki zinazimwa.

Wanaokaa mpakani wana lao. Kilambo, Kitaya, Mtambaswala na vijiji vya ukingo wa Ruvuma, simu inaweza kudaka mnara wa Msumbiji bila wewe kujua, kwa sababu simu inafuata mnara wenye nguvu haijui mto upo wapi. Dalili yake ya kwanza ni saa. Msumbiji wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo ukiona simu inasema saa mbili wakati jua linakwambia saa tatu, angalia jina la mtandao pale juu, umeshavuka. Ukipokea au kupiga hapo unalipa kama uko nje ya nchi. Zima rominga ya data, yaani kutumia intaneti ya mtandao wa nje, alafu ingia kwenye mipangilio ya mitandao uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Hata saa usiiache ijirekebishe yenyewe, mtu anayewahi basi la asubuhi la Masasi anaachwa hivi hivi.

Na simu za kwenda ng'ambo, +258, haziingii kwenye bando la kawaida. Kama bibi yako upande ule ana simu janja piga kwa WhatsApp, kama ana kitochi tafuta kwenye menyu sehemu ya vifurushi vya nje.

Mwisho wa yote, umechagua na haikukufaa? Toka Machi 2017 unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba yako, ndo maana siku hizi namba inayoanza na 075 haimaanishi lazima ni Voda. Unakwenda kwa wakala au duka la mtandao unaotaka kuhamia na kitambulisho chako, unatuma neno HAMA kwenda 15080 na wao wanamalizia. Ila namba inahama, hela haihami. Kabla hujatuma hilo neno toa hela zote, maliza bando, lipa mikopo ya simu kama ulikopa, maana mwenye deni anarudishwa. Watu wengi wa huku hawasumbuki na hilo, wanaweka tu laini mbili kwenye simu moja, moja ya pesa na kupokelea simu, nyingine ya bando la bei nafuu, na kwa mgeni naona huo ndo mpangilio mzuri zaidi ukishapita mwezi wa kwanza.

Siku ya kuondoka nchini fanya hesabu wiki moja kabla. Toa hela yote kwa wakala wa mjini, sio wa barabarani siku ya safari, ibadilishe, hamisha namba kwenye akaunti za benki na barua pepe ulizosajili kwa laini hiyo, alafu pita dukani useme laini ifungwe. Ukiiacha tu bila kuitumia itafungwa yenyewe baada ya muda na namba itapewa mtu mwingine, na huyo mtu ndo atakayepokea zile meseji za kuhakiki ulizosahau kuzihamisha.